Mpira, Mrija au Shanti? Uhakiki wa Maneno Tunayowaambia Wazazi wa Watoto Wenye Maji Kichwani

1. Utangulizi

Istilahi inapoletwa mbele ya kamati, kwa desturi huulizwa maswali matatu. Je, inaeleza dhana kwa usahihi? Je, ni fupi na inatamkika bila taabu? Je, watumiaji watairidhia? Maswali haya ni mema, wala sina nia ya kuyapinga. Shabaha ya makala haya ni kuongeza swali la nne, ambalo kwa istilahi za tiba naliona kuwa zito kuliko yote: Je, mtu aliyeambiwa neno hilo atafanya nini akifika nyumbani?

Swali hili sikulipata kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa katika chumba cha kungojea cha hospitali moja, ambayo si lazima kuitaja. Mbele yangu alikuwapo mama aliyempakata mwanawe wa umri wa mwaka mmoja hivi. Mtoto alikuwa amelegea, na macho yake yameelekea chini kana kwamba anatafuta kitu kifuani pake. Muuguzi alipopita alisimama akauliza:

“Mama, huyu si ana mpira?”

“Anao, sista. Aliwekewa akiwa na miezi minne.”

“Na kutapika kumeanza lini?”

“Leo siku ya nne.”

“Siku nne, mama! Mbona hukumleta?”

Yule mama akajibu kwa upole: “Sista, mimi niliambiwa ni mpira wa kutoa maji. Nami nimekuwa nikitazama kila siku. Maji yanatoka vizuri. Kila asubuhi nepi imelowa.”

Muuguzi hakucheka, nami sikucheka. Mtoto alipelekwa kupasuliwa siku ile ile, akatoka salama. Ila siku nne za ubongo kubanwa hakuna ajuaye zilichukua nini. Mama yule hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa ameyashika maneno aliyopewa na kuyafuata neno kwa neno. Maneno ndiyo yaliyompoteza. Kwa hiyo anayestahili kuhojiwa ni sisi tunaojiita watu wa lugha.

2. Jambo lenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno, yafaa tukitazame kitu kinachotajwa. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji maangavu. Maji hayo hutengenezwa mfululizo. Kwa mtu mzima ni kama nusu lita kwa siku. Huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hurudi katika damu. Njia ikizibika, au maji yasipofyonzwa inavyopasa, vyumba hutanuka na ubongo hubanwa. Sababu ni nyingi: kasoro ya kuzaliwa, mgongo wazi, damu kuvuja ndani ya ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, uvimbe, au ugonjwa wa vijidudu uliompata mtoto katika siku zake za mwanzo. Katika sehemu zetu sababu hii ya mwisho ni kubwa. Daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, alitoa taarifa mwaka 2005 juu ya watoto 300. Katika kila watoto kumi, sita hivi walikuwa wamepata maradhi haya baada ya kuugua ugonjwa wa vijidudu.

Tiba iliyozoeleka ni kuweka mrija mwembamba wa silikoni. Ncha yake moja huingia katika chumba cha ubongo. Mrija hupita chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, na ncha ya pili huishia katika uwazi wa tumbo, ambako maji hufyonzwa na kurudi katika damu. Katikati yake kuna kilango kinachofunguka msukumo wa maji ukizidi, na kufunga msukumo ukipungua. Kila kitu kimo ndani ya mwili. Hakuna tone moja linalotoka nje.

Msomaji azingatie asili ya kilango hicho, maana ina uhusiano na hoja yangu. Mwaka 1956 kilibuniwa kilango kilichoenea sana duniani. Mbunifu wake, John Holter, hakuwa daktari. Alikuwa fundi katika kiwanda cha kufuli huko Marekani, na mwanawe alikuwa na maradhi haya. Alimwona daktari wa mwanawe, Eugene Spitz, akihangaika na vilango visivyofaa, akaenda karakanani kwake kutengeneza kingine. Miaka michache baadaye jambo kama hilo lilitokea tena. Mwandishi Roald Dahl, ambaye kabla ya Vita Kuu ya Pili aliishi Dar es Salaam akiwa mtumishi wa kampuni ya mafuta, na ambaye alijifunza Kiswahili, aliona mwanawe aliyeumia kichwa mwaka 1960 akipasuliwa mara kwa mara kwa kuwa mrija ulikuwa ukiziba. Alimtafuta fundi wa vijipampu vya ndege za mchezo, Stanley Wade, na daktari mpasuaji Kenneth Till wa London, na kufikia mwaka 1962 watatu hao walikuwa wamebuni kilango chao. Mtoto wa Dahl mwenyewe hakukihitaji tena, lakini watoto wengi wengine walikitumia.

Basi chombo hiki ni kazi ya mikono ya fundi, na kama kazi zote za mafundi kinaharibika. Tena kinaharibika mara nyingi kuliko tunavyopenda kusema. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na kutangazwa mwaka 1998, ulifuatilia watoto 344 waliowekewa mrija kwa mara ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja ni kama 61 katika kila 100 tu ambao mirija yao ilikuwa ikifanya kazi bila hitilafu. Baada ya miaka miwili walibaki 47. Hizo ni hospitali zenye kila kitu. Kwa hiyo kuharibika kwa mrija ni jambo la kutarajiwa. Mzazi asiyelijua hili hajaelezwa tiba. Ameelezwa nusu yake.

3. Uhakiki wa maneno

(a) “Kichwa kikubwa” na “kichwamaji”

Nchini Tanzania maradhi haya yanajulikana zaidi kwa jina la “kichwa kikubwa”, na mara nyingi hutajwa pamoja na “mgongo wazi”. Jina hili lina sifa ya kueleweka na kila mtu. Kasoro yake ni kwamba limetaja dalili na kuiacha sababu. Kwa mtoto mchanga dalili hiyo huonekana, kwa sababu mifupa ya fuvu haijashikana na utosi ungali laini. Lakini kwa mtoto mwenye miaka mitano, ambaye utosi umekwisha kufunga, mrija ukiziba kichwa hakikui. Kinachoonekana ni kuumwa kichwa, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kushuka kwa masomo. Mzazi aliyefundishwa kwamba ugonjwa ni “kichwa kikubwa” atapima kichwa kwa macho, ataona ni kile kile, na ataridhika. Jina limemwambia atazame mahali ambapo adui hayupo.

“Kichwamaji” linakaribia sababu, lakini limekwisha kuharibiwa na matumizi. Katika Kiswahili cha kawaida kichwamaji ni mtu asiye na akili timamu, mtu ovyo. Euphrase Kezilahabi alilifanya kuwa jina la riwaya yake iliyotoka mwaka 1974, na tangu hapo neno hilo limezidi kukaa vinywani. Je, tumwandikie mtoto katika kadi yake ya kliniki neno ambalo wenzake watamtukania shuleni? Wengi wa watoto hawa, wakitibiwa mapema, husoma kama wenzao. “Maji kichwani”, kwa maneno mawili, ndilo ninalolipendelea. Halina tusi, nalo linataja sababu.

(b) “Mpira”

Hili ndilo neno la wodini, na sitalidharau, kwa kuwa limetoka kwa wauguzi na wazazi wenyewe bila kamati yoyote. Tatizo ni ndugu zake. Wodini mna mpira wa mkojo na mpira wa kulishia puani. Yote miwili huonekana kwa nje. Yote miwili huwekwa kwa muda, na mgonjwa akipata nafuu huondolewa. Mama anayesikia kwamba mwanawe ana “mpira wa kichwani” analinganisha na aliyoiona, na mlinganisho wake ni wa haki kabisa. Nimewasikia wazazi wakiuliza mpira utatolewa lini, wakiwa na furaha ya mtu angojeaye siku ya kuruhusiwa. Mmoja aliacha kwenda kliniki kwa kuwa, kwa maneno yake, “ulikwisha kutoka wenyewe”. Alikuwa haupapasi tena chini ya ngozi kwa sababu mtoto alikuwa amenenepa.

(c) “Kutoa maji” na “tumbo”

Kitenzi “kutoa” ndicho kilichompoteza mama wa nepi. Maana yake ya kwanza ni kuleta nje. Maji haya hayaji nje. Huhamishwa kutoka mahali pamoja pa mwili hadi pengine. Kitenzi sahihi basi ni “kuhamisha”, ama “kushusha”, ambacho nakipenda zaidi kwa kuwa kinaonyesha njia.

Na yanashushwa wapi? Tunasema “tumboni”, na hapo tena tunatumbukia. Katika Kiswahili tumbo ni sehemu yote iliyo chini ya kifua. Ni mahali pa chakula. Ni mahali pa mimba. Na mtu akisema “naumwa tumbo” huenda anaendesha. Mama akiambiwa kwamba maji ya kichwani yanaingia tumboni, ataamini yanachanganyika na uji, na pengine atapunguza maziwa ya mtoto ili maji yapate nafasi. Yafaa tuseme “katika uwazi wa tumbo, nje ya matumbo”. Ni maneno mengi, lakini yanalinda lishe ya mtoto. Tena yatamsaidia mzazi kuelewa kwa nini tumbo likivimba au likiuma yampasa kumkumbuka yule aliyempasua mtoto kichwa, ambaye kwa mawazo ya kawaida hahusiki na tumbo.

(d) “Maambukizi”

Neno hili limeenea katika maandishi yote ya afya. Lakini mzizi wake ni “ambukiza”, yaani kumpa mwingine ugonjwa ulio nao. Tunapomwambia mzazi kwamba “mrija umepata maambukizi”, anasikia mambo mawili: kwanza, mtoto ameambukizwa na mtu fulani, na huenda mtu huyo ni mama mwenyewe, pili, mtoto ataambukiza wenzake. Yote mawili si kweli. Mara nyingi vijidudu hivi ni vile vikaavyo juu ya ngozi ya kila mtu bila madhara, ambavyo hupata nafasi ya kuingia wakati wa upasuaji na kujishikiza katika silikoni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya shida hii hutokea katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Kwa neno moja lisilofaa, mtoto hutengwa na nduguze na mama hubebeshwa lawama isiyo yake. Kusema “mrija umeingiwa na vijidudu” kunatosha.

Hapa tuligusie pia neno “homa”. Dalili ya mrija kuingiwa na vijidudu ni joto la mwili, na mrija uliozibwa huleta kutapika na hata kifafa. Lakini lugha yetu imekwisha kuyapa mambo haya makazi mengine: joto ni “homa”, na homa kwa wengi ni malaria, kifafa cha mtoto mchanga ni “degedege”, jina lililofungamana na imani za mapepo. Mtoto hupewa dawa ya malaria, au hupelekwa kwa mganga, na siku hupita. Siwezi kuyafuta maneno haya, wala haifai. Yafaa kila anayeweka mrija amwambie mzazi sentensi moja ya kwenda nayo nyumbani: “Kwa mtoto huyu, homa na degedege ni za mrija mpaka daktari aseme si za mrija.”

(e) “Madhara” na “matatizo”

Sasa tunafika kwenye neno la jumla la mabaya yote yawezayo kufuata upasuaji. Wengine husema “madhara”, wengine “athari”, wengine “matatizo”. “Athari” ni alama inayoachwa na jambo lolote, jema au baya, kwa hiyo halitoshi. “Madhara” limetokana na “kudhuru”, na lazima awepo mdhuru. Mzazi aliyeambiwa kwamba upasuaji “una madhara” anaweza kumchukua mwanawe na kuondoka. “Matatizo” halina ubaya, lakini ni pana kama bahari. Haliwezi kumwambia mtu aamke usiku akatafute gari.

Lugha yetu ina neno ambalo limekuwa likitungoja: “hitilafu”. Redio ikinyamaza tunaambiwa kuna hitilafu ya mitambo. Umeme ukikatika, ni hitilafu. Gari likisimama njiani, limepata hitilafu. Neno hili lina mambo matatu tunayoyahitaji: kwamba kitu ni chombo, kwamba chombo kimeacha kufanya kazi yake, na kwamba fundi aitwe. Halimlaumu mama, wala mtoto, wala jirani. Asili ya kilango, kama tulivyoona, ni karakana; basi tukiiita kasoro yake hitilafu hatukipotoshi kitu.

Chini ya “hitilafu za mrija” twaweza kupanga aina zake kwa maneno mepesi: kuziba, kukatika au kuachana viungo, kuhama kwa ncha, kupungukiwa urefu mtoto anapokua, na kushusha maji kupita kiasi. Hii ya mwisho isisahauliwe, kwa kuwa ni kinyume cha kuziba: utosi hubonyea badala ya kufura, mtoto mkubwa huumwa kichwa akisimama na kupata nafuu akilala, na vyumba vikinywea ghafula damu yaweza kuvuja kandokando ya ubongo. Kuingiwa na vijidudu nakuweka peke yake, maana hapo chombo chenyewe chaweza kuwa kizima huku mtoto akiwa hatarini.

4. Hoja ya “shanti”

Wapo wanaosema tuache yote haya tukope neno la kigeni, tuseme “shanti”. Hoja yao ina nguvu. Neno la kukopa halina ndugu wa kulipotosha. Mzazi hawezi kulifananisha na mpira wa mkojo. Tena mtoto akipelekwa nchi nyingine, daktari wa huko ataelewa. Nakubali kwamba “shanti” iandikwe katika kadi ya mtoto, kwa ajili ya hao madaktari.

Lakini neno lisilo na ndugu halina pia wa kulisaidia. “Shanti” haimwambii mama kama ni dawa, ni kipande cha chuma au ni jina la ugonjwa. Wapo pia waliopendekeza “mchepuo”, na kwa maana ya asili ndilo neno sahihi kuliko yote, kwa kuwa maji huchepushwa njia. Hata hivyo “mchepuo” umekwisha kuchukuliwa na masomo ya sekondari, na “mchepuko” umechukuliwa na mitaa kwa maana ambayo mama hawezi kuitamka mbele ya mkwewe. Lugha ina adabu zake, na istilahi isiyoweza kutamkwa mbele ya mkwe haitaishi.

Nabaki na “mrija”. Najua kwamba neno hili nalo lina historia: katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 mirija ilikuwa ya wanyonyaji, na wajibu wa mwananchi ulikuwa kuikata. Kumbukumbu hiyo imefifia, na maana ya asili, bomba jembamba la kupitishia maji, imebaki. Nilifikiria kuongeza sifa na kusema “mrija wa kudumu”, ili kuutenga na mipira ya muda. Nimeiacha sifa hiyo, kwa sababu kinachodumu hakiharibiki, nasi tungemlaza mzazi usingizi kwa neno lile lile tuliloliunda kumwamsha. Yatosha kusema “mrija wa maji ya ubongo”, na kwa kifupi “mrija”.

5. Tiba ya pili na mizani ya maneno

Huko Mbale iliendelezwa njia nyingine isiyoacha chombo mwilini. Kwa chombo chembamba chenye taa, daktari hufungua njia mpya ya maji katika sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo, na huunguza tishu inayotengeneza maji ili yapungue. Jaribio lililofanywa huko kwa watoto wachanga 100, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2017, halikuonyesha tofauti ya maana ya maendeleo ya akili baada ya miezi 12 kati ya waliofunguliwa njia na waliowekewa mrija.

Ikiwa mizani imelingana hivyo, lugha isiiinamishe. Anayesema “kutoboa ubongo” amekwisha kumtisha mzazi. Anayesema “tiba isiyo na mpira” amekwisha kumshawishi. Yafaa tuseme “kufungua njia” na “kuweka mrija”, na kwa zote mbili tuongeze neno moja: njia iliyofunguliwa yaweza kujifunga, na mrija waweza kupata hitilafu.

6. Hitimisho

Kwa muhtasari, naliomba Baraza lizingatie haya: “maji kichwani” kwa maradhi; “mrija” kwa chombo na “kilango” kwa sehemu yake; “kushusha” badala ya “kutoa”; “uwazi wa tumbo” badala ya “tumbo”; “kuingiwa na vijidudu” badala ya “maambukizi”; na “hitilafu ya mrija” kwa kila kuharibika kwake. Naongeza ombi moja dogo: neno “amepona” lisitumiwe siku ya kuruhusiwa. Tuseme “amewekewa mrija, tuulinde pamoja”.

Sidai kwamba maneno peke yake yatamwokoa mtoto. Yanahitajika magari, vyumba vya upasuaji, na wapasuaji ambao bado ni wachache. Lakini gari haliitwi mpaka mtu ajue kwamba kuna hitilafu. Mama wa nepi alikuwa mlinzi hodari. Alikesha siku nne akilinda mlango ambao mwizi hapitii. Tulimwonyesha sisi mlango huo. Ni juu yetu kumwonyesha ule wa kweli.